BREKI HAZILETI KIKI! Staa Avuta Jukwaa la Mamilioni, Waya wa Bluu Umefungwa Tepu

Wiki hii stori mjini ni moja tu. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ameposti video ya tela lake likiwa limelala ubavu kwenye mtaro wa Mlima Kitonga, Iringa. Spika zimetawanyika kama mahindi yaliyomwagika kwenye gunia, jenereta limegeuka miguu juu, na juu ya video kuna maandishi makubwa: "Mungu ni mkubwa. Ajali haina kinga."

Haikupita saa moja, komenti zikafurika. "Pole sana kaka." "Maadui wameshindwa na walegee." "Hiyo husda tu, watu hawapendi maendeleo yako." Mmoja akamshauri akaoge maji ya chumvi. Chawa nao hawakubaki nyuma, wakaanzisha hashtegi. Hadi jioni, ile video ilikuwa imetazamwa kuliko wimbo wake mpya.

Katika komenti zote hizo, hakuna aliyeuliza swali dogo kabisa: breki za tela zilikuwa wapi?

Basi liulizwe hapa. Kwa sababu ajali ile ilikuwa na kinga. Kinga yenyewe ni kiboksi kinachoenea kwenye kiganja, kinafungwa chini ya dashibodi karibu na goti la dereva, na kina waya nne. Staa aliambiwa akifunge, tena aliambiwa kwa Kiswahili kilichonyooka. Akasema hana muda.

TELA LILIVYOINGIA MJINI

Wanaofuatilia mambo ya mjini wanalikumbuka lile tela. Lilikuja kwa meli kutoka Marekani, la aina inayofunguka ubavu mmoja na kugeuka jukwaa. Ekseli mbili, matairi manne, na ubavuni kibati cha kiwandani kinachosema uzito wa juu ni pauni 7,000, yaani karibu kilo 3,175. Siku linatoka bandarini kulikuwa na wapiga picha wawili na droni. Wiki iliyofuata likabandikwa sura ya staa pande zote, likavishwa rimu mpya, na chini likawekewa taa za rangi ambazo usiku unaziona toka mbali.

Pikapu ya kulivuta ilikuwepo tayari, double cabin safi, ndoano imefungwa nyuma. Kilichobaki ni waya tu. Likapelekwa kwa fundi umeme Gerezani.

Chanzo kilichokuwepo gereji siku hiyo kimemwaga ubuyu wote. Tatizo la kwanza, plagi ya tela ni ya Kimarekani, ile ya duara yenye vijino bapa saba, wakati soketi ya pikapu ni ya pini nene za duara. Haziingiliani. Fundi, mtu mzima ambaye mikono yake imeshika waya tangu staa hajazaliwa, akaikata ile plagi ili asome waya mmoja mmoja. Akakuta waya wa bluu, mnene kuliko wa taa. Akasimama.

"Bosi," akamwambia, "hili tela lina breki zake za umeme. Kwenye hii pikapu hakuna kontrola ya kuziamuru, kwa hiyo zimelala. Inabidi iagizwe kontrola, tuvute waya mnene kutoka kwenye betri, tulijaribu barabarani. Nipe siku kadhaa."

Jibu la bosi lilikuwa hili: "Mzee, mimi Ijumaa nina shoo. Wewe niwekee taa tu, trafiki asinisumbue."

Soma tena hilo jibu. Taa ziwepo ili trafiki asisumbue. Kwamba kuna mtu mbele atakayehitaji tela lisimame, hilo halikuwa kwenye hesabu.

Fundi akaweka taa. Waya wa bluu akaukunja na kuuzungushia tepu nyeusi. Akalipwa nusu ya hela, nusu nyingine akaambiwa "nitakurushia". Mpaka leo haijarushwa.

KWANI TELA SI LINAFUATA TU GARI?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo twende taratibu.

Likiwa linavutwa, tela linafuata gari. Dereva akikanyaga breki, halifuati tena, linasukuma. Pikapu inataka kusimama, tela nyuma yake halina habari, linaendelea na safari yake. Uzito wote unaishia kwenye ndoano. Kama barabara imenyooka na mwendo ni mdogo, utahisi kama mtu amekupiga bega kwa nyuma. Kama ni kona na mteremko, bega hilo linausukuma mkia wa pikapu pembeni, na dereva anajikuta anatazama bonde badala ya barabara.

Ndiyo maana watengenezaji wa pikapu hawaandiki namba moja kwenye kitabu, wanaandika mbili. Chukua zile double cabin za 4x4 zinazopendwa mjini, Toyota Hilux au Ford Ranger. Katika nchi nyingi zinakouzwa, kitabu kinaruhusu kuvuta mpaka kilo 3,500 iwapo tela lina breki zake zinazofanya kazi. Bila breki za tela? Kilo 750. Gari ni lile lile, injini ile ile, ndoano ile ile. Kinachoishusha namba kutoka tani tatu na nusu mpaka robo tatu ya tani ni breki peke yake.

Watu wakisikia "pikapu inavuta tani tatu na nusu" wanadhani ni sifa ya injini. Kuvuta ni rahisi, hata trekta bovu linavuta. Namba ile inahusu kusimama.

Waliopakia mzigo wa staa wanakadiria tela na vilivyomo vilipita tani mbili na nusu. Zidisha 750 mara tatu, bado hujafika.

Na mwendo unaongeza noma. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Nguvu hiyo inageuka joto. Breki za pikapu zikiungua kwa kubeba magari mawili, pedali inakuwa laini, unakanyaga hadi chini na gari linakutazama tu.

KIBOKSI KINAFANYA NINI?

Ndani ya kila gurudumu lenye breki za umeme kuna sumaku. Ikipata umeme inang'ang'ania dramu inayozunguka, inavutwa nayo, na ule mvuto unasukuma mkono unaotanua viatu vya breki. Umeme ukiwa kidogo, breki inabana kidogo. Ukiwa mwingi, inabana sana. Kazi ya kontrola ni kupima umeme wa kutuma kulingana na jinsi pikapu inavyopunguza mwendo.

Zipo za aina mbili kubwa. Ya kwanza inatuma umeme kwa kufuata muda: ukikanyaga breki inaanza kupandisha taratibu hadi kiwango ulichoweka, iwe umekanyaga kwa hasira au kwa upole. Ya pili ina kihisi ndani kinachosikia gari linavyojizuia. Ukigusa, tela linagusa. Ukikanyaga kwa nguvu, tela nalo linakanyaga. Kwa mtu anayepanda na kushuka milima na mzigo wa watu, hii ya pili ndiyo ya kununua. Marekani, kontrola nzuri ya kawaida ya kufunga mwenyewe inapatikana kwa chini ya dola 200, na kuna pikapu zinazotoka nayo kiwandani. Rimu nne za lile tela ni hela kuliko hiyo, na rimu hazijawahi kusimamisha kitu.

Waya za kiboksi ni nne, na kwa kawaida rangi zake ni hizi.

Nyeusi inachukua umeme moja kwa moja kwenye betri, ikipitia fyuzi au swichi ya kujikata. Sumaku za ukubwa wa kawaida zinakula karibu amperi 3 kila moja. Tela la ekseli mbili lenye breki magurudumu yote manne linakula kama amperi 12, ndiyo maana wengi wanafunga ulinzi wa amperi 20 na waya mnene wa milimita mraba 4. Waya wa redio hapa ni wa kuwashia moto.

Nyeupe ni ethi, na inarudi kwenye betri. Haiendi kwenye skrubu yoyote ya bodi iliyo karibu.

Nyekundu inakwenda kwenye swichi ya pedali ya breki, upande ambao umeme unafika pale tu pedali inapokanyagwa. Ndiyo inayoiambia kontrola kwamba dereva anataka kusimama.

Bluu inatoka kwenye kontrola, inapita chini ya gari, inafika kwenye soketi ya nyuma na kuingia kwenye tela. Huo ndio waya uliofungwa tepu Gerezani.

Ongeza kitu cha tano ambacho mastaa hawajawahi kukisikia: betri ndogo inayokaa kwenye tela lenyewe, na swichi yenye pini iliyofungwa kwa kebo kwenye pikapu. Tela likichomoka njiani, kebo inavuta pini, betri inawasha breki za tela papo hapo, linasimama lenyewe badala ya kwenda kumtafuta mtu. Tela la staa lilikuja nayo. Betri ilikuwa imekufa zamani. Hakuna aliyeipima.

SIKU YENYEWE KITONGA

Shoo ilikuwa Mbeya, na ilijaa. Asubuhi staa akapanda ndege Songwe, akaposti picha ya mawingu kutoka siti ya dirishani. Tela likarudi Dar kwa barabara, kwenye pikapu wakiwemo dereva, didjei na tingo, kijana wa miaka ishirini na kitu anayebeba spika.

Anayeijua barabara ile anaijua Kitonga. Ukitoka Iringa kuelekea Dar, nchi ya juu inaisha ghafla na barabara inaanza kujikunja ukutani mwa mlima, jabali upande mmoja, bonde upande wa pili, malori mbele na nyuma. Sheria ya wazee wa barabara ni kushuka kwa gia ambayo ungepandia. Dereva alijitahidi, anasema alishusha gia. Lakini gia inasaidia, haifanyi kazi ya breki za ekseli mbili. Kona ya tatu akasikia harufu. Kona ya nne pedali ikawa laini. Tela likaanza kupiga chenga kushoto na kulia, na kila akikanyaga, linamsukuma zaidi.

Mbele yake kulikuwa na lori linalopanda, na nyuma ya lori hilo, basi la abiria.

Dereva akachagua mtaro wa upande wa mlima. Huo ndio uamuzi pekee wa maana uliofanyika kwenye stori hii nzima, na ulifanywa na mtu anayelipwa posho. Tela likalala, pikapu ikajikwangua jabalini. Tingo amevunjika mkono na amelazwa. Wenzake wamechangishana kwenye grupu lao la WhatsApp kulipa hospitali.

Sasa rudi kwenye posti ya staa. Spika zimetajwa. Jenereta limetajwa. Shoo inayofuata imetajwa, na tiketi mahali zinapopatikana. Tingo hajatajwa.

UTETEZI WA CHAWA, MMOJA BAADA YA MWINGINE

"Mbona malori yanavuta matela makubwa na yanashuka salama?" Kwa sababu yale matela yana breki. Nyuma ya kichwa cha lori kuna mipira ya upepo inayokwenda kwenye tela, breki za kila ekseli zinakanyagwa pamoja na za kichwa. Dereva wa lori akiambiwa ashuke Kitonga na breki za kichwa peke yake atashuka yeye, funguo atakuachia.

"Dereva ndiye mzembe." Dereva alipewa gari na tela, hakupewa breki. Alimwambia meneja kabla ya safari kwamba tela linasukuma hata Kimara kwenye foleni. Akajibiwa apunguze uoga. Katika mji huu mtu wa mwisho kwenye mnyororo ndiye hubebeshwa jina la uzembe, kwa sababu hana akaunti yenye tiki ya bluu ya kujitetea.

"Mafundi wa Bongo ndio tatizo." Hapa kuna ukweli kidogo, na usemwe. Wapo mafundi ambao wakiona waya wa bluu wanauunganisha na waya wa taa za breki ili mteja afurahi. Matokeo yake ukigusa pedali, tela linapata umeme wote kwa mpigo, magurudumu yanagoma kuzunguka, au fyuzi ya taa za breki inaungua na sasa huna hata taa. Wapo wanaotegemea ndoano iwe ethi, ndiyo yale matela ambayo taa zake zinakonyeza kila shimo. Na wapo wasiojua kwamba matela mengi ya Marekani yanatumia balbu moja kwa indiketa na breki, wakati pikapu za huku zinatenganisha. Usipoweka kibadilishi katikati, ukiwasha indiketa ya kulia hadi taa za breki zinacheza disko. Yote hayo yapo.

Lakini fundi huyu hakufanya hivyo. Alisoma waya, akaelewa, akasema, akataja kinachotakiwa. Alikatazwa. Kumsukumia lawama fundi aliyesema ukweli kwa sababu tu ana oveloli ya mafuta ni uonevu wa mchana kweupe.

"Pikapu yake, tela lake, hela yake." Sawa. Barabara ni ya nani? Pale chini Kitonga inapoisha, kuelekea Ruaha Mbuyuni, kuna akina mama wanauza vitunguu kandokando ya lami. Kuna bodaboda. Kuna watoto wanavuka kutoka shule. Hakuna hata mmoja wao aliyenunua tiketi ya shoo. Tela likishindikana mlimani, hao ndio wanaolipokea.

"Ajali haina kinga." Huu usemi ulitungwa kumfariji mtu aliyefanya yote aliyoweza na bado yakamkuta. Siku hizi umegeuzwa risiti: unafanya ya hovyo, yanakukuta, unautoa mfukoni, kesi imeisha. Na kumwingiza Mungu ni mbaya zaidi. Mungu mbele, sawa, lakini breki ziwe nyuma, kwenye tela, na zimeungwa.

SI WOTE WANAOVUTA WANAKOSEA

Ili haki itendeke, kijana mmoja wa Masaki ambaye kila Jumapili anaposti jetiski yake ikivutwa kwenda Kigamboni, na ambaye watu wameanza kumrushia mawe tangu ajali hii, mwacheni. Jetiski moja na kitela chake cha ekseli moja kwa kawaida havifiki kilo 750. Kinachotakiwa kwake ni taa nzima, minyororo miwili iliyopishana chini ya ndoano, na upepo kwenye matairi. Siku akipakia jetiski mbili na friji la vinywaji, turudi kwenye mazungumzo.

Halafu kuna dada mmoja, jina kapuni vilevile, mwenye jiko la magurudumu linalouza chakula kwenye matamasha. Tela lake ni zito: jiko la gesi, friji, tangi la maji. Kabla ya kwenda popote alifunga kontrola. Mwezi uliopita alfajiri akaenda na fundi wake kwenye uwanja mtupu, lami kavu. Kwanza wakazunguka kidogo breki zipate joto. Kisha dereva akafika kilomita 40 kwa saa na, bila kugusa pedali, akabana kile kitufe cha kontrola kinachowasha breki za tela peke yake. Halikushika vizuri, wakaongeza. Mara ya tatu magurudumu yakagoma, matairi yakalia, wakapunguza kidogo hadi likawa linazuia kwa nguvu bila kugoma. Wakaandika ile namba kwa maka penseli kwenye dashibodi, na chini yake: "tangi likiwa tupu, anza upya," kwa sababu uzito ukibadilika na namba inabadilika.

Kitufe hicho kina kazi nyingine. Tela likianza kupiga chenga, dereva anaachia mafuta taratibu na kubana breki za tela peke yake, linanyooka nyuma yake. Dereva wa Kitonga hakuwa na kitu cha kubana.

Dada akaposti video ya jaribio lile, sekunde 40. Ikapata laiki 61. Komenti ya juu kabisa inasema: "Dada unatuboa, tuonyeshe msosi."

Hapo ndipo tatizo lilipo, na si kwa mastaa peke yao. Staa anafunga kile ambacho wafuasi wanakipigia makofi. Rimu zinaonekana, taa za chini zinaonekana, droni inaonekana. Kontrola inakaa gizani karibu na goti la dereva, haina angle nzuri ya picha, na ikifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea. Safari inaisha, watu wanashuka, wanakwenda kulala. Hakuna kiki hapo. Laiki zako na za mwenzako ndizo zilizonunua zile rimu na kuuacha waya wa bluu kwenye tepu.

KINACHOTAKIWA SASA

Ziara ya staa haijaisha. Meneja wake ametangaza kwamba tela linanyooshwa bodi na kubandikwa sura upya, na mwisho wa mwezi linarudi barabarani. Hakuna aliyesema neno kuhusu breki.

Kwa hiyo bosi, kabla droni haijapaa, mambo ni matatu. Lipa hospitali ya yule kijana, na mtaje jina lake kwenye ukurasa wako kama unavyotaja spika, akiridhia mwenyewe. Mrushie mzee wa Gerezani nusu yake, maana ndiye pekee aliyekuambia ukweli bure. Kisha mrudishie tela, mpe hizo siku alizoomba, na siku ya kulijaribu panda mwenyewe siti ya mbele. Ukishindwa kupanda, usimpandishe mtu mwingine.

Na wewe unayesoma, una kazi nyepesi kuliko zote. Safari ijayo staa yeyote akiposti pikapu inavuta kitu kizito, kabla ya kuandika "mzee baba umetisha", uliza: waya wa bluu umeungwa wapi? Wakiulizwa na watu mia watakasirika. Wakiulizwa na watu elfu kumi watapiga picha ya kile kiboksi, na siku hiyo kuwa na breki kutakuwa fasheni. Fasheni za kijinga kuliko hiyo zimeshapita mjini hapa.

Je, staa alaumiwe, au chawa mtasema ni husda? Na kama nyumbani kwenu kuna tela, breki zake zinafanya kazi? Shusha komenti yako hapa chini, matusi kaa nayo.